Antijeni si jeni, jamani

Jumatatu asubuhi, bado sijavua hata koti la mvua, papa mmoja anaingia labo na mtoto wake wa miaka kama sita, ananyoosha fishi (karatasi ya majibu) ya kituo cha afya cha mtaani kwao, imeandikwa TDR antijeni: pozitifu. Ameikunja mpaka imeanza kupasuka katikati. Anaegemea meza, anashusha sauti: "Dokta, hii antijeni si ndiyo ADN? Basi niambie tu, huyu mtoto ni wangu ama si wangu?"

Kwanza mimi si dokta, mimi ni mtu wa labo. Pili, ile TDR ilikuwa teste ya haraka ya malaria, haisomi ADN (ndiyo DNA, mahali jeni za urithi zimeandikwa).

Ningecheka kama ingekuwa mara ya kwanza. Wakati wa Ebola nilisikia kwamba chanjo ina antijeni na antijeni kazi yake ni kuua jeni, watu hawatazaa tena. Korona ikaja, kile kijiti cha puani nacho kikawa "kinachukua jeni zetu". Mpox, wimbo ule ule. Na sio mama wa sokoni Birere, hapa Goma, tu anayesema hivyo, nimesikia kwa mwalimu wa sekondari, nimesikia kwa infirmiye (muuguzi) mwenye diploma yake ukutani. Leo nimechoka, naandika.

Neno lenyewe ndilo linadanganya, nakubali. Anti, jeni, unajumlisha: kipinga jeni. Lakini angalia miaka. Antijeni imeandikwa na László Detre, Mhungaria, mwaka 1899, kwenye makala yake ya Kifaransa juu ya asili ya antikorpo, zile protini ambazo mwili unatengeneza kujikinga. Jeni imekuja 1909, kwa Wilhelm Johannsen wa Denmark. Antijeni ilikuwa na miaka kumi tayari wakati jeni inazaliwa, sasa itampinga vipi mtu ambaye hayuko? Ile "-jeni" ni ya Kigiriki, ya kuzaa, ndiyo hiyo hiyo iko kwenye oksijeni na hidrojeni, na sijawahi kuona mtu anakataa chupa ya oksijeni hospitali eti itamharibia ukoo. Na "anti" ya pale mbele ni antikorpo imekatwa mkia. Kwa hiyo antijeni ni kitu kinachofanya mwili uzae antikorpo, basi.

Antikorpo nayo ina mkosi wake, hasa kwetu huku tunaosoma Kifaransa, maana mtu anasikia "korpo" anasema mwili, "anti" inapinga, kumbe antikorpo inapinga mwili! Mama mmoja alilia mbele yangu kwa sababu karatasi ilisema mtoto ana antikorpo. Neno ni la Paul Ehrlich, Mjerumani, 1891, na maana yake ni kitu kinachopinga, ule "mwili" ndio hicho kitu chenyewe, sio mwili wako wewe. Hapo Watanzania wametushinda, wanasema kingamwili na mtu anaelewa bila mwalimu. (Yule mama alikuwa na haki ya kuogopa lakini kwa sababu nyingine: mtoto wa mama mwenye VIH (HIV) anazaliwa na antikorpo za mama yake, zinaweza kukaa mpaka miezi 18, ndiyo maana chini ya umri huo teste ya antikorpo haitoshi, lazima PCR.)

PCR ni ile inayotafuta ADN au ndugu yake ARN (RNA), inazidisha kipande mara mbili kila mzunguko, Ct, yaani hesabu ya mizunguko mpaka kitu kionekane, ikiwa ndogo ina maana virusi vilikuwa vingi tangu mwanzo. Hiyo ndiyo inagusa jeni, na kwenye teste ya ugonjwa jeni inazotafuta ni za mdudu, sio zako. Tuendelee.

Sasa kuna wajanja wanaoniambia, "sawa, lakini antijeni si inatengenezwa na jeni? Basi ni kitu kimoja tu." Hawa ndio wananiumiza kichwa kuliko papa wa Jumatatu, kwa sababu wana nusu ya ukweli.

Chukua TDR yenyewe. Kile kimstari kinashika protini ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, inaitwa HRP2, vimelea vinaimwaga kwenye damu. Mtoto anakunywa dawa, vimelea vinakufa vyote, jeni zao zimekwenda nao, lakini HRP2 inabaki inazunguka kwenye damu wiki kadhaa, na kimstari kinatoka vizuri kabisa. Antijeni ipo, jeni hakuna. Halafu igeuze: kuna vimelea ambavyo vimepoteza jeni ya hrp2, wameviona Peru, wameviona Eritrea mpaka wakabadilisha teste zao, mgonjwa anawaka homa, vimelea vimejaa kwenye mikroskopi, TDR inasema negatifu: vimelea vipo na jeni zao nyingine zote, antijeni ile hakuna.

Rudi kwenye damu yako mwenyewe. Mnakuja wachumba wawili wawili kabla ya harusi kutafuta grupu ya damu na rezusi, nawawekea matone ya damu kwenye kigae cheupe pamoja na antikorpo za chupa, anti-A ya bluu, anti-B ya manjano, anti-D haina rangi, nachanganya, natikisa polepole, chembe zikishikana kama maziwa yaliyoganda ni pozitifu. Ninachosoma pale ni antijeni A, B na D. Jeni sijaigusa. Mtu asiye na D, yaani rezusi negatifu, kwa Wazungu mara nyingi jeni ya RHD, ile inayotengeneza D, haipo kabisa, imefutika. Kwa Waafrika wengi ni hadithi nyingine: jeni iko, imekaa mahali pake, ila katikati imeingiliwa na herufi 37 za ADN za ziada na nyingine zimeharibika, haitoi kitu. Mashine ya kutafuta jeni kizembe itasema "RHD ipo, pozitifu", kigae changu kinasema negatifu, na kwenye kutia damu mimi naamini kigae.

Duffy, antijeni nyingine ya chembe nyekundu za damu, ndiyo naipenda zaidi. Karibu sisi wote wa Afrika ya Kati hatuna antijeni ya Duffy kwenye chembe nyekundu, na ndiyo sababu kubwa Plasmodium vivax, kimelea kingine cha malaria, hutusumbua kidogo tu. Jeni iko nzima! Herufi moja tu imebadilika kwenye swichi iliyo mbele yake, T imekuwa C, ile swichi inayowasha jeni kwenye chembe nyekundu peke yake. Sehemu nyingine za mwili Duffy inatengenezwa kama kawaida. Ni kama nyumba ina umeme vyumba vyote ila taa ya barazani imekatwa waya, mpita njia anasema hii nyumba haina umeme.

Na A na B za grupu ya damu? Hizo hata si protini, ni sukari. Jeni haiwezi kutengeneza sukari, inatengeneza enzaimu, yaani protini fundi, enzaimu ndiyo inabandika sukari juu ya chembe. Mtu wa O wa kawaida amepoteza herufi moja tu, G moja, enzaimu ikatoka kilema, haibandiki kitu. Kwa hiyo ukiniambia jeni na antijeni ni kitu kimoja, unaniambia fundi cherehani na kola ya shati ni kitu kimoja.

Sasa niseme yale ambayo vitabu vinapitia mbio. Mimi nikifundisha wanafunzi wa stage (mafunzo ya kazini) naita antijeni "kichokozi", wanacheka, wanakumbuka. Lakini neno langu linavuja. Penisilini peke yake ni ndogo mno, haichokozi mtu, mpaka ijishikilie kwenye protini yako ndipo mwili unawaka, na bado antikorpo ikishatengenezwa inaweza kuishika penisilini vizuri. Basi ni kichokozi ama si kichokozi? Wataalamu wakatenga majina, kinachochokoza ni imunojeni, kinachoshikwa tu ni antijeni, kile kidogo kinachohitaji kubebwa ni hapteni. Sawa. Halafu unauliza antijeni ni nini, wanasema ni kinachoshikwa na antikorpo, antikorpo ni nini, ni inayoshika antijeni. Tunazunguka kama pikipiki kwenye ronpwe, ule mzunguko wa njia panda.

Na ile D. Kuna siku chembe zinashikana kidogo sana, mchanga mchanga tu, nainamisha kigae kwenye mwanga wa dirisha, namwita mwenzangu, yeye anasema negatifu, mimi nasema pozitifu. Tunaita D dhaifu. Kanuni yetu ni kwamba mtu huyo akitoa damu tunaandika pozitifu, akihitaji kupewa damu tunamhesabu negatifu. Mtu mmoja, damu moja, karatasi mbili. Inalinda wagonjwa na naifuata, lakini kila nikimweleza mtu naona machoni mwake ananiona mwongo, na sijapata bado njia ya kuisema isisikike kama uongo.

Papa wa Jumatatu nikamkalisha. Nikamweleza teste ilitafuta nini, nikauliza mtoto alikunywa dawa lini, akasema wiki mbili zilizopita, akamaliza zote, hana homa, ila kituo kimepima tena na kimeandika dawa nyingine. Nikachoma kidole, nikafanya GE, tone nene kwenye kioo, nikahesabu sehemu kwa sehemu mpaka nikaridhika. Hakuna kimelea hata kimoja. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikasaini, nikamwambia dawa nyingine haina kazi.

Akaisoma karatasi, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Negatifu," akasema. "Kwa hiyo si wangu?"