Tui likikatika, hakuna tando zilizoungana

Kuanzia Lindi hadi Mtwara, mfano ni ule ule. Mtu akitaka kueleza kuungana kwa tando za seli, anasema chemsha tui la nazi mpaka likatike, kisha tazama matone ya mafuta yanavyokutana juu ya sufuria. Mwanafunzi anaelewa haraka, ila anachoelewa ni kitu kingine.

Tando zimeungana pale mifuko miwili yenye kuta za lipidi (molekuli za jamii ya mafuta) inapogeuka mfuko mmoja: ukuta mmoja, na maji ya ndani yakachanganyika bila kumwagikia nje. Ndivyo mbegu ya kiume inavyoingia kwenye yai, na ndivyo kirusi cha mafua kinavyoingiza vinasaba vyake ndani ya seli. Seli hai ina vurugu nyingi, kwa hiyo watafiti hutumia liposomu, vijimfuko vya lipidi tupu ndani ya maji. Bangham na Horne wa Uingereza walivionyesha kwa hadubini ya elektroni mwaka 1964.

Sasa turudi kwenye sufuria. Tone la tui limejaa mafuta, na nje limefunikwa na ngozi nyembamba ya protini na lipidi. Halina maji ndani. Moto ukiharibu protini zile, matone yanakutana na habari imeisha. Liposomu ina maji ndani na nje, na ukuta wake wenye unene wa nanomita 4 hadi 5 una tabaka mbili. Tabaka la nje linaweza kuungana na la jirani huku la ndani likibaki zima. Huo ni muungano nusu, na unaweza kukwama hapo hapo. Tui haliwezi kukuonyesha hatua hiyo, kwa kuwa tone halina tabaka la pili.

Hapo ndipo ripoti nyingi zinapoteleza. Kipimo kinachopendwa hutumia rangi mbili, NBD na rodamini, zilizofungwa kwenye lipidi za liposomu zile zile. Zikiwa karibu karibu, rodamini hunyonya nishati ya NBD. Liposomu hizo zikiungana na zisizo na rangi, rangi hutawanyika na NBD hung'aa zaidi. Kinachopimwa ni lipidi za ukutani tu. Muungano nusu nao hupandisha mwanga, na msomaji wa mchoro hataona tofauti. Kuna na mtego mdogo mwishoni: watu hutia Triton X-100, aina ya sabuni, kuvunja kila kitu ili wapate asilimia 100, lakini Triton yenyewe hufifisha NBD. Usiporekebisha hilo, asilimia zako zote zinatoka kubwa kuliko ukweli.

Maji ya ndani yana kipimo chake. Liposomu za kundi moja hubeba terbiamu, ayoni ya metali, za kundi la pili asidi ya dipikoliniki. Viwili hivyo vikikutana hutoa mwanga mkali. Nje huwekwa kidogo EDTA, kemikali inayokamata ayoni za metali, ili kilichovuja kisikudanganye.

Wengine hata rangi hawatumii: wanatia kalsiamu ili liposomu ziungane, chombo kinapata ukungu, wanaandika zimeungana. Ukungu unasema tu kwamba vitu vimekuwa vikubwa. Magnesiamu hushikanisha liposomu kubwa za fosfatidilserini (aina ya lipidi) bila kuziunganisha; kalsiamu huziunganisha kweli. Tia EDTA ya kutosha: zilizoshikana tu huachana na ukungu hupungua. Na kama bafa yako, yaani mmumunyo unaotuliza kiwango cha asidi, ni ya fosfeti, ukungu huo huenda ni kalsiamu fosfeti, wala liposomu hazikuhusika. Tumia bafa ya HEPES.

Liposomu zenyewe zikitengenezwa vibaya, hakuna kipimo kitakachokuokoa. Lipidi huyeyushwa kwa klorofomu kwenye chupa ya kioo (plastiki nyingi huliwa), kisha hukaushwa na kuachwa kwenye vakyumu saa kadhaa. Klorofomu ikibaki, kuta huvuja. Ndipo hutiwa bafa na kusukumwa kwenye chujio la nanomita 100, mara 11: idadi iwe witiri, ili mzigo uishie kwenye sirinji ya pili, mbali na mabaki yasiyopita. Joto la chumba nalo lina neno. Siku ya nyuzi 30 Mtwara, lipidi iitwayo DMPC iko laini bila kupashwa, kwa sababu hulainika kwenye nyuzi 24 hivi. Nyingine, DPPC, hungoja nyuzi 41. Ukiisukuma kabla ya hapo chujio linaziba, na lipidi nyingi inabaki nyuma.

Basi, ukungu ukiondoka kwa EDTA, andika “zimeshikana”. Ukiwa na NBD peke yake, andika “lipidi zimechanganyika”. Hilo ni tokeo zuri na halina aibu. “Zimeungana” lisubiri terbiamu.