Dawa za kupaka zenye steroidi: maswali kutoka Ujiji, Mwanga na Kibirizi

Tyubu za steroidi, yaani dawa zinazotuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, tunazo majumbani kwetu hapa Kigoma, na wengi wanaozitumia hawajui kwamba ni steroidi. Kuna mtoto anayejikuna usiku kucha kwa sababu mama yake ameambiwa dawa hiyo ni sumu. Kuna pia dada anayejipaka mwili mzima kila asubuhi ili awe mweupe. Dawa ni ileile, na wote wawili wanaumia. Majina ya dawa nimeyaacha kama yalivyochapishwa kwenye tyubu ili uyatambue ukiyaona.

Mwanangu ana miezi 8 na ana pumu ya ngozi mashavuni na kwenye mikunjo ya viwiko. Tulipewa hydrocortisone 1%. Jirani akasema inachubua, nikaiacha siku ya pili. Je, niendelee?

Endelea, mama, kama ulivyoelekezwa zahanati. Steroidi kali zikipakwa muda mrefu huchubua kweli, lakini uliyopewa wewe ni ya upole kuliko zote katika kundi hili. Katika pumu ya ngozi, kinga ya mwili huchachamaa bila sababu, ngozi ikavimba, ikawasha na kupasuka. Steroidi hutuliza hasira hiyo. Mpake mara moja au mbili kwa siku, pale penye ugonjwa tu. Usoni, siku 3 hadi 7 mara nyingi zinatosha. Ukiacha siku ya pili kwa hofu, ugonjwa unakuwa umepoa juujuu tu, na baada ya muda mfupi unarudi.

Yale mabaka meupe yanayobaki baada ya kupona huwatisha wazazi wengi. Mara nyingi ni alama ya ugonjwa wenyewe, na rangi hurudi taratibu. Usipake sehemu inayofunikwa na nepi bila kuagizwa, maana nepi huifungia dawa ikapenya kwa wingi. Na kila siku, hata akiwa mzima, mpake mafuta mazito yasiyo na manukato mara tu baada ya kuoga, kabla ngozi haijakauka kabisa. Siku za dawa, acha nafasi ya nusu saa kati ya dawa na mafuta. Sabuni ya mawese ya kufulia isitumike kumwogeshea. Ngozi yake tayari ni kavu.

Nina tyubu mbili. Moja imeandikwa 1%, nyingine 0.05%. Yenye 0.05% si ndiyo dhaifu?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Ukali wa steroidi unajulikana kwa jina, hauonyeshwi na asilimia. Chukua tyubu, acha jina kubwa la biashara, tafuta maandishi madogo chini yake. Ukikuta *hydrocortisone 1%*, hiyo ni ya upole. *Betamethasone valerate 0.1%* ni kali. *Clobetasol propionate 0.05%* ni kali kupita zote mbili, na kwa mbali sana, ingawa namba yake ndiyo ndogo kuliko zote.

Clobetasol ina kazi yake: soriasisi sugu yenye magamba mazito, au pumu ya ngozi iliyokomaa ikawa kama gome viganjani na nyayoni. Mtu mzima haitumii zaidi ya wiki 2 mfululizo bila kuonwa tena, na kwa wiki asizidishe gramu 50. Usoni, kwapani, kwenye mapaja kwa ndani na sehemu za siri, iache. Ngozi ya mwili hailingani. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1967 vilionyesha kwamba hydrocortisone hupenya kwenye ngozi ya korodani takriban mara 40 zaidi kuliko kwenye mkono wa mbele. Kwa hiyo dawa inayofaa nyayoni inaweza kuharibu shavu.

Nipake kiasi gani? Naambiwa "kidogo tu".

"Kidogo tu" haipimiki. Minya dawa kwa mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, nayo inatosha eneo la ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mtoto naye hupimiwa kwa kidole cha mzazi. Mkono mmoja wa mtu mzima, bila kiganja, hutumia mistari 3, mguu hutumia 6. Paka kwa wepesi mpaka ngozi ing'ae. Hakuna haja ya kusugua.

Nilikuwa na mabaka ya duara tumboni. Dukani nikapewa tyubu "inayotibu vyote". Muwasho ulikwisha siku hiyohiyo, sasa mabaka yamesambaa hadi mgongoni.

Kaka, maelezo yako yanaelekeza kwenye fangasi iliyopakwa steroidi. Tyubu za "tiba zote" kwa kawaida zina dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na steroidi, mara nyingi betamethasone au clobetasol. Steroidi huzima muwasho haraka, nawe unadhani umepona, kumbe imeilaza kinga iliyokuwa inapambana na fangasi. Fangasi wanastawi. Mpaka wa duara unafifia, mabaka yanakosa umbo, na hata mtaalamu anaweza kuchanganyikiwa akiyaona.

Acha tyubu hiyo. Nenda ukachunguzwe, na ikiwezekana ukwanguliwe magamba kidogo yapimwe kwa darubini. Ikithibitika ni fangasi, utahitaji dawa ya fangasi peke yake, kama clotrimazole, mara 2 kwa siku, na uendelee kwa wiki 2 baada ya mabaka kupotea. Fangasi waliosambaa sana, pamoja na mapunye ya kichwani kwa watoto, huhitaji vidonge. Siku za kwanza baada ya kuacha steroidi muwasho unaweza kuongezeka. Vumilia, usiirudie. Upele wa skabizi nao hufanya hivyohivyo: ukipaka steroidi unatulia huku nyumba nzima ikiendelea kuambukizana.

Nasafisha na kuanika dagaa Kibirizi. Mikono imepasuka, inawasha, inatoka damu.

Pole, dada. Maji, chumvi na sabuni kila siku huondoa mafuta ya asili ya ngozi, na hakuna tyubu itakayoshinda hali hiyo kama mikono inarudi majini vilevile. Ngozi ya viganja ni nene, hivyo unaweza kuandikiwa betamethasone, ya mafuta badala ya krimu kwa kuwa hushika zaidi kwenye nyufa, kwa wiki 2 hadi 4. Paka usiku, kisha vaselini. Kazini vaa glavu za mpira, ndani yake ukitanguliza za kitambaa, kwa sababu jasho nalo linachoma. Ukiona usaha, homa au uvimbe unaopanda mkono, usisubiri, nenda kituo cha afya.

Nimetumia mkorogo miaka mingi. Niache ghafla?

Asante kwa kuuliza waziwazi. Vipodozi vyenye steroidi, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au zebaki vimepigwa marufuku Tanzania, lakini bado vinauzwa, na kopo la mkorogo halina lebo ya kukuambia umejipaka nini. Clobetasol ya mwili mzima kwa miaka hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi: mishipa inaonekana, michirizi mipana mapajani, chunusi, vipele kuzunguka mdomo, vidonda visivyofunga. Ikiingia kwenye damu hupandisha sukari na presha, na tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili, huzoea kupumzika.

Ndiyo maana mtu aliyejipaka mwili mzima kwa muda mrefu asiache peke yake kimyakimya. Ukiacha ukaishiwa nguvu, kizunguzungu, kutapika au kuzimia, hiyo ni dharura. Na ngozi yenyewe inaweza kuungua, kuvimba na kuchubuka kwa wiki kadhaa; wengi hurudi kwenye mkorogo wakati huo wakidhani ngozi yao "imekataa" kuacha. Mwambie daktari ukweli wote, ili apange namna ya kupunguza na akupime sukari na presha.

Mjamzito anaruhusiwa? Na karibu na macho je?

Za upole na za kati zinaruhusiwa kwa ujauzito; zilizo kali sana kwa wingi zimehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Anayenyonyesha asipake kwenye chuchu kabla ya kunyonyesha. Kwenye kope usipake bila daktari: matumizi ya muda mrefu huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Niende hospitali lini?

Usipopata nafuu ndani ya wiki 2, au dawa ikisaidia na ugonjwa ukirudi kila unapoiacha. Anzia zahanati au kituo cha afya; wakiona inafaa watakupa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Beba tyubu zote ulizowahi kupaka, hata iliyoisha, na lile kopo lisilo na lebo ulilouziwa sokoni.