Kuwa na matumaini na Ziwa Victoria maana yake nini?

Huwezi kumtumaini mtu usiyemjua. Unamtumaini yule uliyemwona akishika neno lake, hata kama leo kachelewa. Hapo ndipo kutumaini kunapoachana na kutarajia: anayetarajia anangoja tu, anayetumaini ana sababu mkononi. Tukisema "tuna matumaini na ziwa", basi lazima tuulizwe: sababu ipi?

Kwa sisi wa Mwanza sababu moja ni furu, samaki wadogo wa ziwa hili. Zamani furu ndiye aliyejaza nyavu za hapa, wa aina mamia. Sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, akaletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na alipozaana kwa kasi miaka ya 1980, furu wa Ghuba ya Mwanza karibu waishe. Wengi waliwahesabu kuwa wamekwenda. Lakini miaka ya 1990 sangara walivuliwa mno, wakapungua, na baadhi ya furu wakaonekana tena. Tena hawakurudi vilevile. Watafiti waliopima aina mojawapo walikuta matamvua yake yamekuwa makubwa kuliko ya wale wa zamani, kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa yamepungukiwa oksijeni. Samaki mdogo hivyo! Aina nyingi nyingine hazijaonekana hadi leo, na hilo tusilifiche.

Sasa jambo hili linamhusu nini mvuvi? Semina nyingi huanza na "ziwa linakufa", kana kwamba hofu ndiyo itakayomwamsha mtu. Mimi naona inafanya kinyume. Ukiniambia mali inakwisha, nitawahi kuchukua changu, hata kwa kokoro, wavu wa kukokota unaozoa hata samaki wachanga. Mwenye kuamini kwamba samaki akiachwa atarudi ndiye pekee mwenye sababu ya kuacha mazalia ya kwenye mafunjo yapumue, na wenzake wa BMU (kikundi cha wanajamii wa mwaloni cha kusimamia uvuvi) wakipita doria hawaoni kama maadui. Msukumo wa kulinda unaanzia hapo, kwenye kuona kwamba kujizuia kunalipa.

Shida ni kwamba furu walichukua miaka, na marejesho ya mkopo wa injini ya mtumbwi hudaiwa kila mwezi. Anayemwomba mvuvi atumaini bila kumwambia watoto watakula nini katika kipindi cha kungoja, anamrudisha kwenye kutarajia tu.