Maziwa hayasafishi mapafu: vumbi la mgodini na ukweli wake

Kaka yangu kashika drili kwenye migodi ya tanzanite ya Mererani miaka 11, na kila akitoka shimoni lazima apitie dukani anywe nusu lita ya maziwa, ndo dawa ya vumbi hiyo, wana-apolo, yaani wachimbaji wa kule, wote walikuwa wanaamini hivyo na mimi nikaamini. Jamani, maziwa yanaenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu, hayakutani hata siku moja.

Wengine wanasema vumbi utalikohoa litoke. Lile jeusi la kinywe (madini meusi kama ya ndani ya penseli) alilokuwa anapenga kwenye leso jioni, sawa, lile linatoka. Linaloua ni lile usiloliona, chembe za silika za kwenye mwamba, ndogo mno, zinashuka mpaka vifuko vya hewa kule mwisho kabisa. Seli za ulinzi zinazimeza, zinashindwa kuziyeyusha, zinakufa, silika inabaki palepale inamezwa na nyingine, na pafu linazidi kuweka makovu. Kovu halitanuki, ndo maana mtu anahema juujuu hata kuvaa viatu ni shughuli. Hiyo ndo silikosisi.

Na kitambaa cha puani? Kinazuia mchanga, hizo chembe zinapita. Kinachosaidia kweli ni maji, yaani kuchoronga huku maji yanatiririka kwenye ncha ya drili vumbi lisipae, na mkishalipua baruti msikimbilie kurudi shimoni kabla hewa haijasafika. Barakoa ya N95 inakuja baada ya hapo, tena ikae usoni bila mwanya.

Hili la TB ndo linaniuma zaidi. Mchimbaji akikohoa na kukonda tu, basi ni TB. Kaka kapewa dozi mara mbili, makohozi kila yakipimwa hayana kitu, tumezunguka hospitali na hakuna aliyemuuliza unafanya kazi gani, mpaka daktari mmoja akaishika eksirei akasema huyu alikuwa mgodini? Ila msije mkadhani basi mchimbaji haugui TB, hapana, mwenye silikosisi anaipata kirahisi kuliko wengine, akiwa na VVU ndo balaa. Pima vyote, na taja kazi uliyofanya hata kama uliacha zamani.

Maana kuacha sio kupona. Ugonjwa mara nyingi unajitokeza baada ya miaka 10 na zaidi, vumbi likiwa kali sana hata chini ya 5, na makovu yanaweza kuendelea hata ukiwa nyumbani. Hakuna dawa ya kuyafuta. Bado acha, kila siku ya vumbi inaongeza.

Wala sio wachimbaji tu, wapo wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, waponda kokoto, mafundi wa kukata mawe ya kaunta za jikoni. Australia imepiga marufuku yale mawe ya kutengenezwa kiwandani tangu Julai 2024 kwa ajili ya ugonjwa huuhuu.

Kama umeajiriwa Tanzania Bara, ugonjwa wa kazini unafidiwa na WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, tunza mkataba na eksirei zako. Kaka alikuwa analipwa kwa mgao wa mawe, hana hata karatasi moja.