Baipola: maswali ya aliyekwisha kupata nafuu

Kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili, mgonjwa aliyeletwa juzi na ndugu watatu wamemshika mikono haulizi kitu. Maswali magumu huja miezi minne baadaye, kutoka kwa mtu aliyenyoa vizuri, aliyesharudi kazini, anayetaka kujua ataachishwa dawa lini. Haya ni ya huyo, na ya ndugu anayemsindikiza.

Tunazungumzia baipola, ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi kwa wiki moja au zaidi, na wakati mwingine kushuka hadi mtu akashindwa hata kuoga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa nao.

Nimepona. Kwa nini bado naandikiwa dawa?

Kwa sababu dawa hizi zina kazi mbili. Ya kwanza ni kutuliza kipindi ulichonacho, na hiyo kila mtu huiona. Ya pili ni kuzuia kipindi kijacho, na hiyo haionekani, maana mafanikio yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Watu wengi waliopanda mara moja hupanda tena, na anayeacha dawa kwa ghafla, hasa lithiamu, hujiweka kwenye hatari kubwa zaidi ya kurudi hospitali katika miezi inayofuata.

Kuna sababu nyingine ambayo wagonjwa hawaisemi mpaka wakuzoee: wanaikumbuka ile hali ya kupanda. Usiku mzima mtu yuko macho, hachoki, anapanga biashara tatu, kila mtu anamwona mchangamfu. Dawa ikimshusha anasema imemfanya mzito. Wakati mwingine ni kweli, dozi ni kubwa mno na inaweza kupunguzwa. Lakini mwambie daktari wako. Ukiwa unazitema chooni kimyakimya, yeye ataona tu kwamba dawa haifanyi kazi na huenda akaongeza.

Ni dawa zipi, na nijihadhari na nini?

Lithiamu ndiyo ya zamani na bado ni miongoni mwa bora. Daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949, na mpaka leo ni dawa chache zenye ushahidi kama wake wa kupunguza vifo vya kujiua. Ubaya wake ni kwamba kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru viko karibu sana. Ndiyo maana anayeitumia hupimwa damu, takriban saa 12 baada ya kumeza dozi ya mwisho. Mwanzoni vipimo ni vya mara kwa mara, baadaye kila miezi michache, pamoja na kuangalia figo na tezi ya shingoni. Hospitali isiyoweza kupima kiwango hicho haipaswi kukuanzishia, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu wengi huku kwetu kupewa kabamazepini (wengi wanaiita Tegretol), valproeti au olanzapini.

Sasa sikiliza vizuri kama uko kwenye lithiamu. Mgongo umekuuma, umeingia duka la dawa, kijana wa kaunta amekupa diklofenaki. Hiyo, pamoja na ibuprofeni, huifanya lithiamu ijazane mwilini. Baadhi ya dawa za presha hufanya hivyohivyo. Omba parasetamoli, na mtajie dawa unayotumia kabla hajafungua droo. Kuharisha, kutapika au kutoka jasho jingi bila kunywa maji nako huipandisha. Mikono ikianza kutetemeka kwa nguvu, ukayumba ukitembea, ulimi ukawa mzito, usimeze dozi inayofuata. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kabamazepini ikikutoa vipele mwilini au vidonda mdomoni, wahi hospitali pia. Pia hugombana na baadhi ya ARV, kwa hiyo kliniki zote mbili zijue. Olanzapini huongeza njaa na uzito, basi pima sukari. Haloperidoli, dawa nyingine ya kumtuliza aliyepanda, inaweza kukaza shingo au kukupinda ulimi. Inatisha mno kuiona, lakini hutibika haraka.

Kwanza niliambiwa nina sonona, nikapewa dawa, nikachangamka kupita kiasi. Imekuwaje?

Hutokea. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mtu mwenye baipola inaweza kumpandisha. Wengi huja hospitali mara ya kwanza wakiwa wameshuka, na hakuna anayewauliza kama waliwahi kukaa siku kadhaa bila usingizi na bila kuchoka. Ukiulizwa historia yako, itaje na ile miezi uliyoiona ya raha.

Kama dawa ipo, mshauri nasaha wa nini?

Mwaka 2003 watafiti wa Barcelona walichapisha matokeo ya wagonjwa 120, wote wakiwa kwenye dawa. Nusu walikaa kwenye kikundi kwa vikao 21 wakijifunza ugonjwa wao: dalili zake, dawa zake, usingizi. Nusu nyingine walikutana tu bila mafunzo hayo. Waliofundishwa walirudiwa na ugonjwa mara chache zaidi.

Kinachofundishwa si siri kubwa. Kila mtu ana mlango wake ambao ugonjwa huingilia. Mmoja huanza kupigia watu simu saa nane usiku, watu ambao hawajaongea miaka. Mwingine hukopa. Mwingine ghafla anagombana na bosi na ana hoja nzuri sana. Ukiwa mzima, andika dalili zako tatu za kwanza, na umruhusu mtu mmoja, dada au mke au rafiki, akukumbushe bila wewe kufoka. Wapo wanaokubaliana kabisa: nikilala chini ya saa nne siku mbili mfululizo, simu yenye M-Pesa unashika wewe na kliniki tunakwenda wote. Makubaliano hayo yafanywe mapema, kwa sababu aliyekwisha kupanda hakubali kitu.

Nibadilishe nini kwenye maisha?

Usingizi, kabla ya kitu kingine chochote. Usiku mmoja wa macho unaweza kuanzisha kipindi kizima. Kwa jamii yetu hilo ni gumu: kuna mkesha wa ibada, kuna kulala msibani, kuna harusi, kuna zamu za usiku. Nenda msibani, kaa mpaka saa tatu, rudi ulale, na ndugu aliyekuelewa akutetee. Mirungi, bangi na vinywaji vya kuongeza nguvu acha. Pombe huvuruga usingizi na dawa kwa pamoja.

Ramadhani nifunge?

Muone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingine huhamishiwa usiku bila shida. Kwa lithiamu, kukaa mchana kutwa bila maji kwenye joto ni jambo la kupimwa, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Wakisema niache dawa nitegemee maombi?

Omba, uombewe, na umeze.

Nataka kupata mtoto.

Valproeti ndiyo tatizo kubwa. Takriban mtoto 1 kati ya 10 walioipata tumboni huzaliwa na kasoro, na 3 hadi 4 kati ya 10 huchelewa kukua kiakili. Ukiwa msichana na umeandikiwa, uliza kwa nini. Usikatize mwenyewe, muone daktari wiki hiyohiyo. Kabamazepini nayo hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na kijiti, basi ulizia kitanzi au sindano.

Mume wangu ameanza kusema heri afe.

Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo. Ficha vidonge na sumu ya shambani, asiachwe peke yake, mpelekeni hospitali leo hata akisema alikuwa anatania.

Dawa zimeisha hospitali, mfukoni sina kitu.

Rudi kabla ya kidonge cha mwisho, ukiwa na siku saba mkononi. Omba wakuandikie nyingine iliyopo, kuliko kukaa bila kitu. Ukikosa siku mbili tatu, usimeze dozi za nyuma kwa mpigo. Nenda na pakiti tupu, waone ulikuwa unatumia ipi na ya miligramu ngapi.