Mgonjwa mwenye pingu: yale watu husema na yale sheria inasema

Nilikuwa namuuguza mamangu kwa hospitali moja hapa Kisumu, na kitanda cha jirani kulikuwa na kijana ameletwa kutoka jela, mguu mmoja umefungwa pingu kwa chuma ya kitanda, askari wawili kando. Mama mmoja aliyekuja kuona mtu wake akasema kwa sauti, "huyu naye anamaliza dawa za watu." Hayo maneno yalinikaa sana, ndio maana naandika.

Eti ukifungwa, haki ya matibabu inabaki getini. Si kweli. Katiba ya 2010, kifungu cha 51, inasema aliye kizuizini anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezekani kabisa juu ya hali yake ya kufungwa, na kutibiwa inawezekana. Kifungu cha 43 kinasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura, yaani mtu yeyote, halafu iko sheria ya 2014 ya watu walionyimwa uhuru ambayo imetaja matibabu waziwazi. Na kumbuka huyo unayemuogopa anaweza kuwa mahabusu tu, kesi bado iko kortini, kisheria hana hatia.

Eti askari ndiye anaamua. Askari kazi yake ni kulinda. Katiba ilitaka sheria ya wafungwa izingatie kanuni za kimataifa, na Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015 zinasema uamuzi wa matibabu ni wa wahudumu wa afya, mkubwa wa jela hawezi kuupuuza wala kuubadilisha, na mgonjwa achunguzwe kwa siri. Akikataa operesheni na akili yake ni timamu, anasikizwa kama wewe. Pingu nazo ni mpaka ikosekane njia nyingine, na hatari ikiisha zitolewe. Mama anayejifungua hafungwi pingu kabisa, si kwa uchungu, si akizaa, si mara tu baada ya kuzaa. Hili linaniuma kwa sababu bado kuna watu wananiambia "lakini atatoroka", mama yuko kwa uchungu jamani, atatorokea wapi?

Eti anayeacha dawa za TB afungwe jela asiambukize wengine. Hii ilitokea karibu na sisi, 2010 kuna wagonjwa walipelekwa jela ya Kapsabet kwa amri ya miezi 8, na jela vile imejaa watu ndio TB inasambaa haraka zaidi. Machi 2016 Mahakama Kuu ikaamua kuwafunga hivyo ni kinyume cha Katiba.

Siku za kulazwa pia zinahesabiwa kwa kifungo, kisheria ni kama bado yuko jela aliyotoka.

Na familia msinyamaze. Akiugua vibaya mnafaa kujulishwa, mahabusu anaweza kuomba korti iangalie dhamana yake upya kwa sababu ya ugonjwa, na mtu akifa mikononi mwa polisi ama jela, sheria inataka hakimu achunguze chanzo cha kifo, kwa hivyo msikubali kuambiwa tu chukueni mwili.

Yule kijana, usiku wa pili nesi aliona mguu umevimba akawaambia askari wafungue. Walifungua, wakahamisha viti vyao wakakaa mlangoni, na ndio mara ya kwanza nilimuona akilala.