Weka raba chini: dhana potofu kuhusu michoro ya asili ya Hans G. Kresse

Swali limekuja tena kuhusu Eric de Noorman, katuni ya gazetini ya Mholanzi Hans G. Kresse. "Nimepata kipande cha Eric de Noorman, mchoro wa mkono kabisa, lakini kina mabaka ya rangi nyeupe na mistari ya penseli kila mahali. Nikisafishe kwa dawa gani?" Jibu langu halijabadilika: hakuna dawa, weka raba ya kufutia chini. Kazi yangu ni kukagua na kuhifadhi michoro ya karatasi, na swali hili linaniuma kwa sababu mara nyingi linaulizwa mtu akishasafisha tayari. Tena wanaoharibu ndio wanaoipenda michoro hii kuliko wote.

Wenzangu mnaoishi Uholanzi na Ubelgiji hukutana na karatasi hizi kwa wakwe, kwenye masoko ya vitu vya mitumba au mtandaoni, na si ajabu, maana Hans G. Kresse (1921–1992) alichora kwa zaidi ya miaka arobaini. Waholanzi humtaja pamoja na Marten Toonder na Pieter Kuhn kama vigogo watatu wa katuni zao za baada ya vita. Alizaliwa Amsterdam, akajifunza kuchora kwa sehemu kubwa peke yake, na hadithi yake ya kwanza, ya Tarzan, ilitoka mwaka 1938 katika jarida la maskauti akiwa kijana wa miaka 16. Wakati wa vita aliingia studio ya Toonder. Mwaka 1946 Eric de Noorman, mfalme wa kaskazini mwenye panga na merikebu, alianza safari yake katika gazeti la Het Laatste Nieuws la Ubelgiji, akaendelea hadi 1964. Hiyo ni miaka kumi na minane ya vipande vya kila siku, yaani safu fupi za picha. Vilivyosalia ndivyo mnavyoniletea.

"Mchoro wa asili unapaswa kuwa msafi kama ulivyotoka gazetini"

Hapa ndipo pananiudhi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Karatasi ile ilichorwa ili ipigwe picha. Magazeti ya miaka ya 1940 na 1950 yalichapishwa kwa mabamba. Mchoro uliwekwa mbele ya kamera kubwa ya kiwandani, picha yake ikahamishiwa juu ya bamba la zinki lililopakwa dawa inayobadilishwa na mwanga, kisha bamba likaingizwa kwenye asidi. Mahali pasipo na mstari paliliwa na asidi. Mistari ilibaki imeinuka, na hiyo ndiyo iliyoshika wino mtamboni. Bamba la namna hii linajua weusi na weupe, basi. Mchoraji akitaka kijivu lazima akitengeneze kwa mikwaruzo ya kalamu, kwa brashi iliyokauka, au kwa nukta.

Filamu iliyotumika kwa kazi hiyo nayo ilikuwa na tabia yake: buluu hafifu haikuiona kabisa, na nyekundu iliiona kama nyeusi. Kwa hiyo mchoraji alikuwa huru. Angeweza kuandika maelekezo kwa penseli ya buluu, kuweka alama za vipimo pembeni, kufunika mstari asioutaka kwa rangi nyeupe nzito, hata kukata sura moja na kubandika nyingine juu yake. Kamera ingepita bila kuona kitu. Msomaji wa gazeti alipata farasi, panga na bahari iliyochafuka. Mahangaiko ya kufikia hapo yalibaki kwenye karatasi, na hayo mahangaiko ndiyo mnayoyaita uchafu.

Isitoshe, weupe ule si wa kufunika makosa tu. Wachoraji wa mtindo wa uhalisia hutumia rangi nyeupe kuchora juu ya weusi: povu la wimbi, mvua inayoanguka kwa mshazari, mng'ao kwenye ukingo wa upanga. Unaanza kwa kumwaga wino mweusi, kisha unarudisha mwanga kwa brashi nyembamba. Ukiondoa nyeupe hiyo, umeondoa mchoro wenyewe.

Na inaondoka kirahisi mno, hilo ndilo la kuogopesha. Rangi hizo nyingi zimeshikizwa kwa gundi inayoyeyuka majini. Pamba yenye maji ikipita mara moja, nyeupe inakuwa tope la kijivu linalozama ndani ya nyuzi za karatasi. Raba nayo huparua uso wa wino, weusi mzito uliokuwa kama kaniki ukageuka wa moshi. Dawa ya kung'arisha nguo, ambayo wapo waliojaribu, inakula karatasi yenyewe na kuiacha ikikatika kwenye mikunjo. Mteja mmoja aliniletea kipande cha vita alichokwishakifuta. Chini ya nyeupe ulijitokeza mkono wa kwanza wa shujaa, ule ambao mchoraji aliukataa, ukiwa kando ya ule wa pili aliouridhia. Sikuweza kumsaidia. Nyeupe mpya nikiipaka mimi, huo ni mkono wangu, si wa mchoraji.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi hasa wanapaswa kulisikia. Alama hizo ndizo ushahidi wenu. Mtu anaweza kuchapa nakala safi ya mstari mweusi kwenye karatasi nene na kuiita mchoro wa asili. Kilicho kigumu kuigiza ni tabaka: penseli iliyo chini ya wino, nyeupe iliyo juu ya wino, mstari mwingine wa wino juu ya nyeupe, matundu ya pini kwenye pembe. Washa taa kando ya karatasi, mwanga upite chini kabisa, sambamba na uso wake, halafu uinue macho polepole. Nyeupe itaonekana imetuna. Weusi mpana utaonyesha njia ya brashi, mahali ilipojaa na mahali ilipoanza kukauka. Nakala ya mashine inatoa weusi ulio sawa kuanzia ukingo hadi ukingo, na ukichukua lenzi unaweza kukuta nukta za uchapaji zimejipanga. Kufuta alama hizo ni sawa na kukwangua muhuri kwenye hati ya shamba kisha kutafuta mnunuzi.

Na tafadhali, kabla ya jambo lolote, geuza karatasi. Nitalisema hili hadi sauti ikauke. Watu hunitumia picha safi za upande wa mbele, na nyuma hawajawahi kupatazama. Nyuma ndiko mara nyingi kunakokaa namba za vipande, mihuri, maagizo ya ukubwa wa kuchapia, wakati mwingine mchoro mwingine ulioachwa njiani. Piga picha pande zote mbili, pamoja na kingo, ndipo tuzungumze.

Kinachoruhusiwa nyumbani ni brashi laini kavu ya kupangusa vumbi pembezoni, mbali na wino na nyeupe. Seloteipu ya zamani iliyogeuka rangi ya chai iachwe ilipo mpaka ifike kwa mhifadhi wa karatasi, kwa sababu ukiivuta inaondoka na ngozi ya juu ya karatasi.

"Hakina maneno, basi si kamili"

Hili nalo husikika sana kuhusu Eric, na ni kinyume kabisa. Katuni nyingi za magazeti ya Uholanzi enzi hizo ziliandikwa kwa maelezo marefu chini ya picha, bila viputo vya maneno. Maandishi yalipigwa taipu kwenye karatasi yake, na gazeti likayapanga kwa herufi zake za madini ya risasi. Mchoro ulikwenda peke yake. Kwa hiyo kipande cha Eric kisicho na neno hata moja ndani ya visanduku ndicho kilivyotakiwa kuwa.

Mtindo huo ulitiwa nguvu na hali ya jamii pia. Mwaka 1948 waziri wa elimu wa Uholanzi, Theo Rutten, alizionya shule dhidi ya vijitabu vya hadithi za picha, akiamini vinaharibu vijana. Katika hewa hiyo, katuni yenye aya za kusoma ilionekana ya heshima kuliko ile yenye viputo.

Viputo vilimjia Kresse baadaye, katika miaka ya 1960, alipochorea jarida la Pep. Humo alileta hadithi za Erwin, mwana wa Eric. Kisha kuanzia miaka ya 1970 akafanya mfululizo wake kuhusu Wahindi Wekundu kwa ajili ya mchapishaji Casterman wa Ubelgiji, albamu tisa, akianzia na Waapache wa karne ya 16 na kufika kwa Wahispania. Ndiyo maana nasema lazima uijue kazi ya mtu kabla ya kuhukumu karatasi yake. Kipande kirefu cha mlalo kisicho na maneno kinasema miaka ya Eric. Ukurasa mzima wenye viputo unasema Pep au baada yake. Mtu akikuuzia ukurasa wa viputo akidai ni Eric wa 1950, muulize maswali.

Kukosa rangi nako si kasoro. Katika vitabu vya katuni vya Ulaya, rangi mara nyingi ilipakwa kwenye karatasi nyingine iliyochapwa mistari hafifu, ili karatasi ya wino ibaki nyeusi na nyeupe. Naomba msiwape watoto wala mafundi wa picha "waumalizie".

"Uhalisia maana yake alinakili picha za kamera"

Wachoraji wa uhalisia hutazama picha, vitabu na makumbusho, na hakuna aibu hapo. Lakini hakuna picha ya kamera ya merikebu ya Eric ikipasuka mwambani, wala ya wapanda farasi wakiteremka mlima gizani. Kresse aliijua miili ya watu na ya wanyama kiasi cha kuweza kuigeuza upande wowote. Tazama penseli iliyo chini ya wino, ile ile mnayotaka kuifuta: bega limetafutwa kwa mistari kadhaa kabla brashi haijachagua mmoja. Umbo lililopitishwa juu ya picha huwa na mstari mmoja uliokufa, usio na kusitasita.

Uhalisia wake pia haukuzaliwa siku moja. Hadithi ya kwanza ya Eric inahusu jiwe la Atlantis, imejaa maajabu. Kadiri miaka ilivyokwenda, maajabu yalipungua, na hali ya hewa, uchovu na woga vikachukua nafasi. Kwa maoni yangu vipande vyake bora ni vile ambavyo hakuna anayepigana: watu wawili wanangoja kwenye ukungu, na ukungu wenyewe ni karatasi tupu iliyoachwa kwa ujasiri. Katika kazi za Casterman mstari umelegea, una mikwaruzo mingi, na wapo wanaoniambia mkono ulikuwa umechoka. Sikubaliani nao. Huyo ni mtu aliyekwisha kujua ni mistari mingapi anaweza kuiacha.

Mengine, kwa ufupi

"Katuni ya Storm ni kazi ya mchoraji Mholanzi." Hapana. Don Lawrence (1928–2003) alikuwa Mwingereza. Storm ilitengenezwa kwa ajili ya mchapishaji wa Uholanzi na ikaanza katika jarida la Eppo mwaka 1977, ndiyo maana watu huchanganya. Tena kurasa zake zimepakwa rangi kamili, si wino mtupu.

"Nina ukurasa wa asili, niliukata kwenye gazeti la 1953." Hicho ni kipande cha gazeti. Kitunze kama kumbukumbu, ila karatasi ya gazeti ikiwa na maandishi mgongoni, mchoraji hakuigusa.

"Haina saini, ni ya bandia." Kazi ya kila siku ya studio haikuhitaji saini kwenye kila kipande, na saini ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kughushi.

"Nimenunua mchoro, sasa naweza kuchapisha fulana." Umenunua karatasi. Hakimiliki haihami pamoja nayo. Kwa sheria ya Uholanzi hakimiliki ya mchoraji hudumu miaka 70 baada ya kifo, na kwa aliyefariki 1992 hesabu hiyo inafika mwisho wa 2062. Warithi na wenye haki wapo, waulizwe.

"Nitaupeleka ukapigwe plastiki ya moto ili udumu." Hapana, kamwe. Joto na gundi ya plastiki haviondoki tena bila kuondoka na mchoro.

"Wino haufifii, nautundika sebuleni." Wino mweusi wa kaboni ni mgumu kweli, lakini karatasi inageuka manjano, na penseli za rangi na kalamu za wino wa kisasa zinapotea. Hatari zaidi ni Ecoline, rangi ya maji ya kiwanda cha Talens cha Apeldoorn, iliyopendwa sana na wachoraji wa Uholanzi. Inang'aa vizuri, lakini haistahimili jua. Makumbusho huonyesha kazi za karatasi kwa mwanga hafifu wa takriban luksi 50, tena kwa muda, kisha huzirudisha gizani. Kwa mnaorudi nazo Mombasa, Tanga au Zanzibar, mwanga ni nusu tu ya tatizo. Unyevu wa pwani huotesha kuvu nyuma ya kioo, hasa fremu ikigusa ukuta wa nje. Weka mchoro kwenye jalada lisilo na asidi, ulazwe, ndani ya kabati la chumba kikavu, usigusane na kioo wala gazeti. Ukitaka kuutazama kila siku, piga nakala nzuri ya ukubwa ule ule, nyeupe na penseli zikionekana, utundike nakala hiyo.